Mbwa wa Vita wa Milimita 11

Kabla hujashika kisu wala gundi kutengeneza mbwa wa vita wa mchezo wa mezani, jibu swali moja: mbwa wako anafanya kazi gani? Wengi huanza na aina ya mbwa. Wanamchukua German Shepherd kwa sababu anapendeza, wanampaka rangi safi, wanambandika kando ya askari, kazi imekwisha. Ukimtazama mezani hujui amefuata nini vitani. Wewe anza na kazi. Kazi ndiyo itakayoamua mkao wake, vifaa anavyovaa, mtu anayemshika, hata kitako anachosimamia.

Kazi zenyewe si nyingi. Mbwa wa doria hutangulia mbele ya kikosi, kimya, akinusa upepo. Mbwa tarishi hukimbia peke yake na ujumbe shingoni. Mbwa wa kutafuta mabomu ya ardhini huenda polepole, pua chini. Mbwa wa tiba huwaendea majeruhi akiwa na mkoba wa bandeji. Mbwa wa lindo hubweka akiwa kwenye mnyororo. Chagua moja tu.

Halafu chagua mahali na mwaka. Kama hujui pa kuanzia, twende Bougainville, kisiwa cha Pasifiki, Novemba 1943. Askari wa Marine wa Marekani walitua Cape Torokina tarehe 1 mwezi huo, wakiwa na mbwa 24 wa kikosi chao cha kwanza cha mbwa wa vita. Wengi walikuwa Doberman, wachache German Shepherd. Walifanya doria na kupeleka ujumbe pamoja na Marine Raiders, askari maalum wa Marine, katika msitu mzito wa matope na vinamasi. Nakupeleka huko kwa sababu unahitaji vitu vichache: askari mmoja, mbwa mmoja, na kitako cha matope na majani. Ukiiweza jozi hiyo, nyingine hazitakusumbua.

Pima kwanza

Kinachoharibu mbwa wengi wa mezani ni ukubwa. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kimo cha mbwa halisi begani kwa milimita, gawa kwa skeli yako. German Shepherd dume ana sentimita 60 hadi 65 begani. Tuseme milimita 620. Gawa kwa 56, ambayo ndiyo skeli inayolingana na askari wa milimita 28, unapata 11. Kwa skeli ya 1/72 unapata karibu 9. Kwa 1/48 unapata 13. Doberman dume ni mrefu zaidi, sentimita 68 hadi 72, kwa hiyo kwenye 1/56 mpe milimita 12 na nusu.

Huna rula karibu? Mtumie askari. Mgongo wa German Shepherd ufike katikati ya paja lake. Ukifika kiunoni, umetengeneza mnyama wa hadithi. Ukiishia gotini, umetengeneza mbweha.

Jambo la kuzingatia: askari wengi wa milimita 28 wana mikono minene na vichwa vikubwa kuliko binadamu. Mbwa mwenye vipimo halisi kabisa akisimama kando yao ataonekana kama amekondeana. Nenepesha miguu yake kidogo, kuza na kichwa kidogo. Kimo usikiguse.

Pa kumpata

Njia ya haraka ni kununua jozi iliyo tayari, mbwa na mwongozaji wake, ya metali au resini. Ziko za majeshi karibu yote makubwa ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ila zikitoka ng'ambo hukawia, na usafirishaji unaweza kuzidi bei ya mbwa. Kwa hiyo agiza pamoja na wenzako.

Njia ya pili ni wanyama wa reli za kuchezea. Hapa soma skeli kwenye pakiti. H0 ni 1/87, na German Shepherd wake ana milimita 7. Huyo ni mdogo mno kwa askari wa 28. Lakini mpeleke kwenye 1/72 uone: amekuwa mbwa wa sentimita 50, saizi nzuri kabisa ya mbwa chotara wa jeshi la Kisovieti mwaka 1942.

Njia ya tatu ni mbwa mwitu kutoka seti za michezo ya njozi. Mikao yao ni mizuri, ila manyoya yamezidi na meno yako nje. Yote hayo yanarekebishika. Mpime tu kwanza, maana wengi wao ni wakubwa kama ndama.

Na usiwadharau wanyama wa plastiki wanaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya watoto. Nenda na rula mfukoni. Ukimpata wa kimo chako, muoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kwanza, kwa sababu huwa na mafuta ya kiwandani yanayokataa rangi. Plastiki laini mpake gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji kabla ya praima. Rangi haitabanduka akipindwa.

Kumgeuza awe wa kazi

Anza na mdomo. Ufunge. Mbwa wa doria walifunzwa kukaa kimya, kwa sababu kubweka kungewafichua askari wote. Mbwa aliponusa adui alikakamaa, masikio yakaelekea mbele, manyoya ya mgongoni yakasimama, basi. Mwongozaji alisoma hapo. Kwa hiyo jaza mdomo ulio wazi kwa epoksi ya kukanda, lainisha, na meno yaondoke. Hatua hiyo peke yake itambadilisha mbwa wako kuliko rangi yoyote utakayompaka.

Pili, mgongo. German Shepherd wengi wa kisasa wa maonyesho wana mgongo ulioteremka kuelekea mkia. Mbwa wa miaka ya 1940 walikuwa na mgongo ulionyooka zaidi. Chonga mabega kwa tupa au ongeza nyama kiunoni mpaka mstari unyooke.

Tatu, miguu ya nyuma. Hapa ndipo wachongaji wengi hukosea. Kile kifundo kinachojitokeza nyuma, juu ya ardhi kidogo, ni kisigino cha mbwa, na goti lake liko juu zaidi, karibu na tumbo. Ukiikunja miguu ya nyuma pahali pamoja tu, umempa miguu ya meza. Ikunje mara mbili, mbele kisha nyuma.

Kuhusu mwendo, toka nje ukatazame. Mbwa koko wa mtaani kwako ana miguu ileile. Mchukue video kwa simu akiwa anakimbia taratibu, uirudishe polepole. Utaona mguu wa mbele wa kushoto unakwenda pamoja na wa nyuma wa kulia. Picha hiyo isimamishe, iweke mezani mbele yako, ukunje miguu ya mbwa wako kwa kuifuata.

Kumpata Doberman kutoka kwa mbwa mwingine ni rahisi kuliko unavyodhani. Chagua mbwa mwembamba. Kwangua manyoya yote kwa wembe na msasa laini mpaka mwili uwe laini. Kata mkia ubakize milimita moja. Masikio yasimame wima, yenye ncha, kwa sababu Wamarekani wakati huo walikuwa wakiyakata. Kifua kiwe kirefu kwenda chini, tumbo lipande juu. Mwili wake ni wa mraba: urefu wa kiwiliwili unakaribia kimo. German Shepherd ni mrefu kidogo kuliko kimo chake, kama sehemu moja kwa kumi au zaidi kidogo.

Kumfinyanga kutoka mwanzo

Kama umemkosa wa kugeuza, mfinyange. Chukua kipande cha kebo ya intaneti ya shaba, ichane, utoe waya mmoja wa ndani. Una unene wa nusu milimita na unapindika bila kukatika. Kata vipande viwili kwa miguu na kimoja cha uti wa mgongo kinachofika hadi kichwani. Vifunge kwa mizunguko miwili mitatu, tia tone la supaglu, subiri.

Acha waya wa miguu uzidi kwa milimita tano chini ya nyayo. Hizo utazipenyeza kwenye kitako baadaye. Bila hizo, mbwa atang'oka mara ya kwanza atakapoanguka.

Changanya epoksi ya kukanda, sehemu mbili sawasawa, mpaka rangi iwe moja. Iache dakika 20 ipunguze kunata. Lowesha vidole na vifaa kwa maji, au paka mafuta ya mgando kidogo sana. Kisha fanya kwa tabaka tatu, na kila tabaka likauke usiku kucha. La kwanza ni jembamba, la kushika waya tu. La pili ni nyama: kifua, mapaja, shingo, fuvu. La tatu ni manyoya na masikio.

Pima tena baada ya tabaka la pili. Kifua cha mbwa, kutoka mgongoni hadi chini, ni karibu nusu ya kimo chake. Kwa mbwa wa milimita 11, hiyo ni milimita 5. Nusu iliyobaki ni miguu.

Manyoya yachore kwa ncha ya sindano, mikwaruzo mifupi kutoka kichwani kwenda mkiani. Usiipange mistari sambamba, ikatize kidogo. Yazidishe shingoni, nyuma ya mapaja na mkiani. Usoni na miguuni usichore kitu. Doberman usimchore kabisa.

Kama mikono yako bado haijazoea, mfanye mbwa aliyelala huku kichwa kiko juu, masikio yamesimama. Miguu yote inajificha chini ya mwili, na bado ni mkao wa kazi. Mfano mzuri ni sanamu ya shaba ya Doberman huko Guam, kwenye makaburi ya mbwa wa Marine waliokufa katika vita vya 1944. Iliwekwa mwaka 1994, ni kazi ya Susan Bahary, na mbwa aliyeigwa anaitwa Kurt. Picha zake zinapatikana kwa urahisi. Zifuate.

Jozi ni kitu kimoja

Sasa mgeukie mwongozaji. Mbwa wa vita na mtu wake usiwatengeneze kama sanamu mbili zilizokutana njiani. Kata kichwa cha askari kwa kisu chembamba, toboa shingo, weka pini ya waya, kigeuze amtazame mbwa. Anasoma masikio ya mbwa, hatazami kilima. Kuanzia hapo, yeyote atakayeitazama jozi hiyo atajua wanafanya nini.

Mbwa hufunzwa kutembea kushoto. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa askari ushike kamba, uwe chini, karibu na nyonga. Bunduki iwe mkono wa kulia au begani. Askari anayelenga shabaha kwa mikono miwili hawezi kuwa ameshika mbwa, hata ukiipitisha kamba wapi. Ukitaka bunduki iliyo tayari, weka askari wa tatu nyuma yao awe mlinzi wao. Ndivyo doria zilivyokwenda.

Kamba yenyewe inastahili muda wako. Kamba ya mita moja na nusu kwenye 1/56 ni milimita 27. Usitumie uzi mtupu. Uzi hutoa vinyweleo na hukaa hewani kama umegandishwa. Chukua unyuzi mmoja kutoka kwenye waya laini wa umeme, ulaze juu ya kigae, upondeponde kwa kitako cha kisu mpaka uwe bapa. Sasa ni ukanda wa ngozi. Au kata ukanda wa upana wa nusu milimita kutoka kwenye karatasi ya aluminiamu nene, ile ya sahani za kuokea.

Toboa ngumi ya askari kwa drili ya mkono ya nusu milimita, kutoka upande wa kidole gumba. Toboa tena kidogo nyuma ya shingo ya mbwa, penye ukanda wake. Ingiza ncha ya kamba kwenye ngumi kwanza, tia supaglu kwa ncha ya kijiti cha meno, subiri ishike kabisa. Ndipo uipinde kamba taratibu kwa koleo ndogo mpaka ncha ya pili ifike shingoni bila kulazimishwa. Ikilazimishwa, itang'oka usiku wakati wewe umelala.

Mpindo wa kamba unaeleza kila kitu. Mbwa akiwa karibu na ametulia, kamba ilegee, ining'inie kwa uzito wake. Mbwa akivuta, inyooke kabisa, na mwili wa askari uegemee nyuma kidogo. Kamba iliyonyooka na askari aliyesimama wima havipatani.

Rangi, hasa uso

Praima iwe ya kijivu. Nyeusi inaficha michoro ya manyoya, na kwenye mbwa mweusi utapaka kwa kubahatisha.

Doberman mweusi usimpake nyeusi tupu. Changanya nyeusi na kahawia kidogo. Kisha chukua kijivu cheusi chenye chembe ya bluu, ukipitishe sehemu zinazopigwa na mwanga tu: ukingo wa bega, mbavu mbili tatu, juu ya paja, kingo za masikio. Kidogo kinatosha. Ukizidisha anakuwa mbwa wa kijivu.

Halafu zile alama za rangi ya kutu. Zina mahali pake maalum: nukta moja juu ya kila jicho, pembeni mwa pua, kooni, mabaka mawili kifuani, miguu kutoka chini hadi juu kidogo ya vifundo, na chini ya mkia. Juu ya pua hubaki nyeusi kuanzia paji hadi ncha. Paka kahawia iliyokolea kwanza, kisha kahawia ya chungwa katikati yake ukiacha ukingo. Nukta za juu ya macho usizipake kwa brashi. Chonga kijiti cha meno, kichovye, kifute kwenye tishu, kiguse mara moja. Ukikosea, funika kwa nyeusi, rudia.

Macho ya mbwa wa saizi hii hayana sehemu nyeupe. Ukiweka nyeupe, atashangaa milele. Weka kahawia nyeusi, kisha tone dogo la vanishi ya kung'aa. Ncha ya pua nayo ipate tone hilo. Ulimi, kama upo, uwe waridi iliyofifia.

German Shepherd nenda naye kinyume. Paka mwili mzima mchanga uliokolea. Pitisha woshi ya kahawia ijae kwenye manyoya, acha ikauke. Piga brashi kavu kwa rangi ya mchanga mwepesi kifuani na miguuni. Mwisho weka nyeusi mgongoni kwa mikwaruzo mifupi inayofuata manyoya, ili mpaka wake usiwe mstari. Giza kidogo puani na kuzunguka macho. Wengi wa wakati ule walikuwa wa kijivu kama mbwa mwitu, kwa hiyo usiogope kuchanganya kijivu na kahawia.

Vanishi ndiyo inayotenganisha mbwa na nguo. Askari mpake vanishi isiyong'aa kabisa. Doberman ana manyoya mafupi yanayoakisi mwanga, mpe vanishi ya mng'ao wa wastani. German Shepherd arudi kwenye isiyong'aa, isipokuwa pua na macho.

Kuhusu sare ya Marine wa Bougainville: kijani iliyopauka, na kwa Raiders unaweza kutumia nguo za mabaka zilizokuwa zikivaliwa Pasifiki wakati huo. Ukanda wa mbwa na kamba ni kahawia ya ngozi. Bizimu ni nukta moja ya rangi ya fedha.

Kitako

Waweke wawili kwenye kitako kimoja cha milimita 40 kama kamba imewaunganisha. Mbwa tarishi apate chake, cha milimita 25, kwa sababu atatembea peke yake.

Matope ya Bougainville yanatoka jikoni kwako. Gundi nyeupe, rangi ya kahawia, mchanga uliochekechwa. Paka kwa unene usio sawa. Kabla hayajakauka, bonyeza alama za nyayo nyuma ya mbwa kwa ncha butu ya kijiti. Kwa majani makavu ya msituni, chukua majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yaanike juani mpaka yavunjike, uyanyunyize. Yakiwa na unyevu yataota ukungu. Nyuzi za makumbi ya nazi zinafaa sana kwa mizizi na nyasi zilizokufa, na minazi kweli iko kwenye kisiwa kile.

Rangi ileile ya matope ipeleke kwenye miguu ya mbwa hadi vifundoni, na mkwaruzo mmoja chini ya tumbo. Mbwa msafi kwenye matope anaonekana ameletwa jana.

Kazi nyingine, kwa ufupi

Mbwa wa Kisovieti wa kulipua vifaru, 1941 na 1942, walibeba baruti ya kilo 10 hadi 12 kwenye mifuko ya turubai pande mbili za mwili. Juu ya mgongo kulikuwa na kijiti cha mbao kilichosimama kama sentimita 20. Mbwa alipoingia chini ya kifaru, kijiti kililala, baruti ikalipuka. Kwenye 1/56 kijiti hicho ni milimita 3 na nusu. Mifuko ifinyange bapa, yenye mikunjo, imbane mbwa. Ni kazi ya kikatili, na mbwa hao hawakuichagua. Mtengeneze kwa heshima, bila kumfanya kichekesho.

Wabelgiji wa 1914 ndio mradi ninaoupenda kuliko yote: bunduki ya rashasha ya Maxim juu ya kigari cha magurudumu mawili, kikivutwa na mbwa wawili wakubwa. Tafuta mbwa wenye vifua vipana na vichwa vizito, siyo German Shepherd. Magurudumu ya pikipiki ya skeli yako yatafaa. Mikanda ipite kifuani, siyo shingoni, kwa sababu mbwa huvuta kwa kifua.

Kwa Waingereza wa 1917, tengeneza Airedale tarishi: manyoya ya kusokotana, masikio yaliyokunjika, mgongo mweusi, miguu ya kahawia, na kopo dogo la bati kwenye ukanda wa shingo. Kipande cha waya mnene cha milimita moja ndilo kopo.

Kwa Normandy, 6 Juni 1944, yuko Bing wa kikosi cha 13 cha miavuli cha Uingereza, chotara wa Alsatian, yaani German Shepherd, na collie, aliyeruka kwa mwavuli na kukwama mtini. Alipewa nishani ya Dickin, ile ya wanyama wa vita, mwaka 1947. Mwanasanamu jasiri anaweza kumning'iniza kwenye mti wa mezani. Mbwa wa kuruka kama yeye walitumia miavuli iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli.

Mezani

Mbwa asiyebadilisha kitu kwenye mchezo ni pambo. Mpe kanuni inayotokana na kazi yake.

Mbwa wa doria afichue kikosi chochote kilichojificha ndani ya inchi 12, na kikosi alicho nacho kisishtukizwe na shambulio la kuvizia. Asipewe nguvu kubwa ya kung'ata. Hiyo haikuwa kazi yake.

Mbwa wa vifaru arushiwe dadu kila anapotumwa. Ikitoka 1 au 2, anageuka na kurudi kwa waliomtuma. Ndivyo ilivyotokea: wengi walikuwa wamefunzwa kwa vifaru vilivyosimama, na milio ya bunduki ikawatia hofu wakakimbilia mahandaki yao wenyewe.

Mbwa tarishi anahitaji waongozaji wawili. Hapo ndipo Bougainville inapovutia tena. Caesar, German Shepherd maarufu wa kikosi kile cha mbwa wa Marine, alipeleka ujumbe kati ya kompania iliyokuwa msituni na makao ya batalioni, na alipigwa risasi akiwa kazini. Mbwa wa namna hiyo alikwenda kwa watu wawili tu, mmoja kila upande. Kwa hiyo tengeneza sanamu mbili za waongozaji, uziweke mbali mbali mezani, na mbwa atembee kati yao tu, kwa mwendo mara mbili ya askari. Akifika, kikosi hicho kipate amri mpya hata kama redio imekufa. Mwongozaji mmoja akianguka, ujumbe wa upande huo umekatika mpaka mwisho wa mchezo.

Andika kanuni hizo kwenye kadi moja, mwenzako aisome kabla hamjapanga majeshi. Na chini ya kila kitako bandika sumaku ndogo, ukawahifadhi kwenye kopo la bati wakiwa wamesimama. Kamba ile uliyoihangaikia haitastahimili kulalia ubavu.